Milima Iliyofunikwa na Maji: Historia ya Upimaji wa Volkano za Baharini na Somo Lake kwa Istilahi Zetu

Lugulu, katika lugha ya wenyeji wa Uluguru, maana yake ni mlima. Na Waluguru ndio watu wa milimani. Jina hili lina hekima ambayo mtunga istilahi hana budi kuizingatia. Linataja kile kionekanacho, yaani umbo, wala halidai kujua umbo hilo limetokana na nini. Aliyelitoa aliona ardhi imeinuka ghafla juu ya mbuga, akaita lugulu, akaishia hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi binadamu alivyofikia kuchora ramani za milima na volkano zilizo chini ya bahari kandokando ya visiwa, hasa katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, na kisha kutoa mashauri kuhusu maneno ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watahitaji katika kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili. Tunaanzia Morogoro, mji ulio mbali na bahari, kwa sababu mbili. Kwanza, milima ya Uluguru inatupa kipimo ambacho msomaji anaweza kukiona kwa macho. Pili, inatupa onyo ambalo wapimaji wa bahari walichelewa kulipata: umbo la mlima halitoshi kutuambia asili yake.

Mlima ambao si volkano

Mji wa Morogoro umekaa kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake umesimama mlima Lupanga wenye mita 2,138, na kusini zaidi kipo kilele cha Kimhandu, mita 2,630, ambacho ndicho kirefu kupita vyote katika Uluguru. Mgeni atokaye Dar es Salaam, akiiona milima hiyo ilivyochomoza kutoka bondeni, anaweza kudhani kwamba ni ndugu wa Kilimanjaro, Meru au Rungwe. Sivyo. Milima hiyo mitatu ilijengwa na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka yakatoka nje na kugandamana tabaka juu ya tabaka. Uluguru ni miamba ya fuwele iliyopikwa na kukandamizwa ndani kabisa ya ardhi miaka zaidi ya milioni 600 iliyopita, kisha ikainuliwa kufuata nyufa za gamba la dunia. Hapana kasoko juu ya Lupanga, wala haijapata kuwapo.

Jambo hili halikujulikana kwa kutazama. Wanajiolojia iliwapasa kuipanda milima hiyo, kuyavunja mawe na kuyachunguza, mpaka mwaka 1964 Sampson na Wright walipotoa kitabu chao juu ya jiolojia ya Uluguru kupitia Idara ya Jiolojia. Ikiwa nchi kavu, mahali ambapo mtu anaweza kuligusa jiwe, asili ya mlima hudai kazi ya namna hiyo, si ajabu kwamba kazi hiyo ilikuwa nzito mara nyingi zaidi mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika.

Kutoka bildi hadi mwangwi

Mabaharia wa pwani yetu wana msamiati wao wa mambo ya kina tangu zamani. Bildi ni risasi iliyofungwa kwenye kamba kwa ajili ya kupimia kina cha maji, na kutia bildi ni kupima. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na ndicho kipimo ambacho mabaharia wa mataifa mengine pia walikitumia kwa kazi iyo hiyo. Kilindi ni mahali penye maji marefu, na bandari ya Kilindini huko Mombasa imelihifadhi neno hilo hadi leo. Fungu ni mchanga uliojiinua ndani ya maji. Mwamba ni jiwe linalovunja vyombo. Mkondo ni maji yaendayo kasi. Msamiati huu ulitungwa na watu ambao kosa la neno moja lingeweza kuwapandisha mwambani. Hata hivyo, una mpaka wake. Hukoma pale ambapo bildi haifiki chini. Nahodha hakuwa na haja ya kukipa jina kitu kilichoko pima elfu mbili chini ya chombo chake, maana hakikuweza kumdhuru, naye hakuwa na njia ya kukijua.

Wa kwanza kuteremsha risasi kwa utaratibu katika vilindi hivyo walikuwa wanasayansi wa karne ya 19. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari kuu za dunia, na mwaka 1875, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, ilipata kina cha pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,100. Lakini kipimo kimoja cha namna hiyo kilichukua saa nyingi, na mwisho wake kilitoa nukta moja tu katika ramani. Baina ya nukta na nukta palikuwa na mamia ya kilomita yasiyojulikana. Ilikuwa ni sawa na mtu apimaye nchi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa kusimama mahali pawili tu, kisha akachora mstari ulionyooka na kusema kwamba katikati hapana mlima. Ndiyo maana ramani za wakati ule zilionyesha sakafu ya bahari kuwa tambarare tulivu.

Mageuzi yalikuja pale kamba ilipoachwa na sauti ikachukua nafasi yake. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Chombo kikipiga sauti, kisha kikahesabu muda hadi mwangwi urudi, kina kinajulikana: mahali penye mita 3,500, mwangwi hurudi kabla ya sekunde 5 kwisha. Meli ya Kijerumani Meteor iliitumia njia hiyo kuvuka mara nyingi Bahari ya Atlantiki ya kusini kati ya mwaka 1925 na 1927. Katika Bahari ya Hindi kazi kama hiyo ilifanywa na meli ya Misri iitwayo Mabahiss, yenye wanasayansi wa Kimisri na Kiingereza, katika safari ya mwaka 1933 hadi 1934 iliyofika hata Unguja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Harry Hess, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini na tena mwanajiolojia, alikiacha kipimamwangwi cha meli yake kikifanya kazi njia nzima katika Pasifiki. Mwaka 1946 alitangaza kwamba alikuwa amekuta milima mingi yenye vilele bapa kana kwamba vimekatwa kwa kisu. Ilikuja kufahamika kuwa hivyo vilikuwa visiwa vya volkano vilivyolika kwa mawimbi, kisha vikazama. Hess aliipa milima hiyo jina la mtaalamu mmoja wa jiografia, na lugha nyingi zimelichukua jina hilo kama lilivyo. Tutarejea kwake katika mapendekezo yetu.

Mwaka 1964 Marie Tharp na Bruce Heezen walitoa mchoro wa sura ya sakafu ya Bahari ya Hindi nzima. Msomaji wa leo akiutazama huona milima, mabonde na migongo mirefu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mchoro huo ilikuwa ni ukadiriaji wa hekima baina ya njia za meli. Baadaye vilikuja vipimamwangwi vya miale mingi, ambavyo havipimi nukta moja chini ya meli bali ukanda mpana wa kulia na kushoto. Na baada ya hapo setilaiti, ambazo huupima uso wa bahari wenyewe, maana mlima mkubwa ulio chini huyavuta maji na kuyafanya yatune kidogo juu yake. Pamoja na maendeleo hayo yote, hesabu iliyotolewa mwaka 2024 na mradi wa kimataifa wa Seabed 2030 ilionyesha kwamba sehemu ya sakafu ya bahari za dunia iliyokwisha kupimwa kwa vyombo vya kisasa ni zaidi kidogo tu ya robo.

Visiwa vya namna mbili

Kiswahili kina neno moja, kisiwa, kwa ajili ya Unguja na Ngazija. Kwa baharia neno hilo linatosha, maana vyote viwili ni nchi iliyozungukwa na maji. Kwa mpimaji wa sakafu ya bahari ni vitu viwili tofauti. Unguja na Mafia vimekaa juu ya bara lililofunikwa na maji haba, na mawe yake ni ya chokaa ya matumbawe na mashapo. Pemba imetengwa na bara kwa mlango wenye kina kirefu, lakini nayo si volkano. Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore, kinyume chake, ni vilele vya volkano vilivyojijenga kutoka kilindini mpaka vikajitokeza juu ya maji. Mlima Karthala wa Ngazija, wenye mita 2,361, uko hai bado: mwaka 1977 zaha yake iliangamiza kijiji cha Singani, na mwaka 2005 milipuko yake iliwahamisha maelfu ya watu.

Mwenye kuishi Ngazija anajua kwamba amekaa juu ya volkano. Kwa Maore mambo yalikuwa tofauti. Kisiwa hicho, ambacho kiko chini ya utawala wa Ufaransa na kinadaiwa na Komoro, kina volkano za kale zilizonyamaza, na wakazi wake hawakuwa na kumbukumbu ya mlipuko wowote. Tarehe 10 Mei 2018 ardhi ilianza kutetemeka. Siku tano baadaye lilikuja tetemeko la kipimo cha 5.9. Matetemeko yaliendelea kwa miezi mingi, watu wakalala nje ya nyumba zao, na kila mmoja akatafuta sababu aliyoiweza. Mnamo Novemba 11 mwaka huo huo mtikisiko wa ajabu, wa polepole na wa mfululizo, ulinaswa na mitambo ya kupimia matetemeko sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwamo. Wakati huo mitambo ya kupima mahali kwa setilaiti ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba kisiwa chenyewe kilikuwa kikisogea upande wa mashariki na kudidimia.

Jawabu lilipatikana mwezi Mei 2019. Meli ya utafiti Marion Dufresne ilipima sakafu ya bahari mashariki mwa kisiwa, na wataalamu wakailinganisha ramani mpya na ile iliyochorwa mwaka 2014. Kiasi cha kilomita 50 kutoka Maore, mahali ambapo ramani ya zamani ilionyesha sakafu karibu tambarare, sasa palikuwa na mlima wenye kimo cha mita 820, ambao kitako chake kiko mita 3,500 chini ya maji. Kutoka kileleni safu ya mchafuko ilipanda majini karibu kilomita 2. Volkano ilikuwa imezaliwa, na hakuna aliyeiona. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2021, zaha mpya ilipoacha kuonekana, volkano hiyo ilikuwa imemwaga zaidi ya kilomita 6 za ujazo.

Tuutazame ukubwa huo kwa kipimo cha Morogoro. Mlima huo ukiwekwa mjini Morogoro, kilele chake kitafika karibu na Morningside, katikati ya njia ya kupandia mlimani. Na Uluguru yote ikitumbukizwa katika maji ya mita 3,500, kuanzia usawa wa bahari, kilele cha Kimhandu kitabaki kimefunikwa na maji ya zaidi ya mita 800. Mwalimu akilieleza jambo hili hivyo, mwanafunzi hatahitaji picha.

La kuzingatia hapa ni kwamba ugunduzi huu haukutokana na ramani moja, bali na tofauti baina ya ramani mbili. Ile ya mwaka 2014 haikuchorwa kwa ajili ya volkano. Kama isingekuwapo, mlima wa mwaka 2019 ungeonekana kuwa mwinuko mmoja miongoni mwa miinuko mingi ya mahali hapo, na umri wake usingejulikana kwa urahisi. Umbo lilijulikana kwa kipimamwangwi. Asili ilijulikana kwa kulinganisha, kwa matetemeko na kwa mawe yaliyozolewa kutoka chini.

Jina linalopotosha

Volkano hiyo mpya ilipewa jina la Fani Maoré, kwa lugha ya Shimaore, ambayo ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Fani katika Shimaore ni volkano. Katika Kiswahili fani ni tawi la elimu, au umbo la kazi ya sanaa. Mfasiri asiyejihadhari anaweza kuandika juu ya sanaa za Maore mahali ambapo habari ni ya moto wa chini ya bahari. Undugu wa lugha ni neema, lakini maneno ya ndugu nayo hutaka kuhakikiwa kama yale ya mgeni. Tunashauri kwamba jina Fani Maoré liandikwe kama lilivyo, na mara ya kwanza lifuatiwe na maelezo: volkano ya chini ya bahari iliyo mashariki mwa kisiwa cha Maore.

Neno na haki

Wasomaji wengine huenda wakaona kwamba mambo haya ni ya wataalamu tu. Hasha. Mwaka 1982 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Sheria ya Bahari, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kifungu cha 76 cha mkataba huo kinaeleza ni hadi wapi nchi ya pwani ina haki juu ya sakafu ya bahari iliyo mbele yake, na kinatenga vitu vitatu ambavyo kwa macho vinaweza kufanana. Migongo ya bahari kuu si sehemu ya bara hata kidogo. Juu ya migongo ya chini ya bahari, mpaka wa nchi hauwezi kupita maili za baharini 350. Lakini kizuizi hicho hakiihusu miinuko ya chini ya bahari ambayo kwa asili ni sehemu ya ukingo wa bara. Mfasiri akiviita vyote vitatu mgongo, atakuwa ameifuta sheria kwa kalamu yake.

Mfano wetu uko karibu. Mbele ya pwani yetu ya kusini upo mwinuko mrefu uitwao Davie, unaoshuka hadi katika Mlango wa Msumbiji. Uchunguzi wa mawe yaliyozolewa huko, uliotangazwa mwaka 1990, ulionyesha miamba ya kale ya fuwele, ambayo ni jamii moja na ile ya Uluguru, pamoja na miamba ya volkano. Katika mwinuko mmoja zimekutana asili mbili. Ukiitwa volkano, nusu ya ukweli imepotea. Ukiitwa bara, imepotea nusu ya pili.

Mwezi Januari 2012 Tanzania iliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa madai yake ya kuongezewa eneo la sakafu ya bahari. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, ni dhahiri kwamba siku si nyingi hakimu, wakili au mbunge atahitaji kusoma habari za migongo na miinuko hiyo kwa Kiswahili, na kuzitolea uamuzi.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni moja: umbo litajwe kwanza, asili iongezwe baada ya kuthibitishwa, na uhusiano na bara utajwe pale sheria inapoudai. Kwa kuifuata kanuni hiyo tunaleta maneno yafuatayo mbele ya wasomaji.

1. Sakafu ya bahari: ardhi yote iliyo chini ya maji ya bahari.

2. Kitako cha bara: sehemu ya bara iliyofunikwa na maji, kwa mipaka inayowekwa na sheria. Neno hili lisitumiwe kwa sakafu ya bahari kuu.

3. Mlima-bahari: mwinuko uliosimama peke yake, unaozidi mita 1,000 kutoka sakafu inayouzunguka. Kwa kipimo hiki Lupanga, kama ungekuwa chini ya maji, ungestahili jina hilo.

4. Kilima-bahari: mwinuko wa namna hiyo usiofika mita 1,000. Fani Maoré yenye mita 820 ni kilima-bahari kwa umbo, ingawa kwa asili ni volkano. Hapana mgongano, maana maneno hayo mawili hujibu maswali mawili.

5. Mlima-bahari bapa: ule wenye kilele kilichokatika, aliouona Hess. Jina la mtu halimwelezi mwanafunzi wetu kitu. Neno bapa linamweleza.

6. Volkano ya chini ya bahari: litumike pale tu ambapo ushahidi wa zaha umepatikana.

7. Mgongo wa bahari kuu, mgongo wa chini ya bahari, mwinuko wa chini ya bahari: yatumike katika sheria kwa kutengwa kama mkataba ulivyoyatenga, bila kubadilishana.

8. Kipimamwangwi, na kipimamwangwi cha miale mingi: vyombo vya kupimia kina kwa sauti. Bildi ibaki kwa risasi na kamba, na kupima kwa kamba kuendelee kuitwa kutia bildi.

Tumeyaacha maneno ya mabaharia, kilindi, fungu, mwamba na mkondo, yabaki na maana zake. Baadhi ya wafasiri wana tabia ya kulichukua neno la pwani na kulinyosha hadi mahali ambapo baharia hakulifikisha, kama vile kuuita mlima ulio mita 3,000 chini ya maji kuwa ni mwamba. Neno mwamba humwonya nahodha kwamba chombo chake kitavunjika. Tukilipeleka kilindini tutakuwa tumeliondolea onyo lake.

Kuna sababu ya mwisho, nayo ni nzito kupita zote. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yalifika pwani ya Afrika Mashariki. Somalia ilipoteza mamia ya watu, na hapa Tanzania pia walikufa watu waliokuwa wakioga baharini. Onyo la hatari ya namna hiyo, liwe limetokana na tetemeko au na volkano, hupita mikononi mwa mfasiri, kisha mwa mtumishi wa serikali, kisha mwa mwalimu, kabla ya kumfikia mvuvi. Likikwama kwa kukosa neno, au likigeuzwa maana na neno lisilofaa, ramani zote za dunia hazitamsaidia mvuvi huyo.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa jiografia na wale wa pwani wanaoijua lugha ya mabaharia, wayapime maneno haya katika madarasa na ofisi zao, na watuletee maoni yao na maneno yaliyo bora kuliko haya.